Kipindi cha mwisho kilivuma? Uliza kwanza kama Kitui na Makueni walihesabiwa

Si unajua jinsi mambo huenda. Tamthilia uliyoifuata miezi na miezi inafika tamati. Kabla majina ya waigizaji hayajamaliza kupita kwenye skrini, X imewaka. Huyu analia kwamba mhusika wake ameuawa bila sababu, yule anaapa hatatazama tena runinga ya Kenya, na mwingine ameshatengeneza meme kumi. Siku chache baadaye kituo kinatoa bango lake: asanteni Kenya, tuliongoza. Nawe unachagua upande, ama mwisho ulibamba ama ulikuwa noma kwa ubaya.

Lakini hebu jiulize, hiyo Kenya inayoshukuriwa kwenye bango ni nani? Wale vijana waliobanana hotelini mjini Wote wakitazama TV moja, wamo? Na susu wako kule Mutomo, aliyevuka boma kwenda kutazama kwa jirani kwa sababu betri ya sola yake ilikuwa imeisha moto, yumo? Ama Kenya ni wewe, mimi na bando zetu?

Swali hili si la umbea. Idadi ya watazamaji ndiyo inayomwambia mtangazaji wa sabuni au benki aweke pesa zake wapi. Pesa hizo ndizo zinazoamua tamthilia gani itapewa msimu mwingine, ipi itakatwa, na hadithi ya nani itaandikwa mwakani. Kaunti mbili zenye zaidi ya watu milioni mbili zikionekana kwa ukungu kwenye hesabu hiyo, hata hadithi zao zitaonekana kwa ukungu.

Kutazama si kupenda

Tuanze na kitu kinachochanganywa kila siku. Kuna viwango vya aina mbili. Cha kwanza ni idadi ya waliotazama. Cha pili ni alama ambazo watazamaji wanatoa, zile nyota za mtandaoni. Hivi viwili si ndugu, na wakati mwingine hata hawasalimiani.

Mfano mzuri ni Game of Thrones. Kipindi chake cha mwisho kilipeperushwa na HBO mnamo Mei 19, 2019, na usiku huo kikapata watazamaji milioni 19.3 nchini Marekani ukijumlisha njia zote za kutazama. HBO ilisema hiyo ilikuwa rekodi kwake. Wakati uo huo, ombi la mtandaoni la kutaka msimu huo wa nane uandikwe upya lilikuwa limepita sahihi milioni moja. Yaani kipindi kilichotazamwa kuliko vyote ndicho kilichotukanwa kuliko vyote. Watu walikuja kwa wingi kwa sababu ya miaka waliyokuwa wamewekeza, si kwa sababu walijua chakula cha usiku huo kitakuwa kitamu.

Ukirudi nyuma zaidi utakutana na M*A*S*H, iliyoisha Februari 28, 1983 ikiwa na watazamaji karibu milioni 106 Marekani. Enzi hizo chaneli zilikuwa chache na familia nzima ilikaa mbele ya TV moja. Usiilinganishe na tamthilia ya leo ambayo mmoja anaitazama kwenye runinga, mwingine kwenye simu, na wa tatu anaionea YouTube kesho yake akiwa kwa matatu. Idadi hubadilika hata pale ambapo mapenzi hayajabadilika.

Kwa hivyo ukiona bango la "tuliongoza", jua linakueleza nani alikuwa sebuleni. Halikuelezi alitoka sebuleni akiwa na uso gani.

Watu 45 kati ya 1,000

Sasa tuje nyumbani. Hakuna mtu anayepita boma kwa boma akihesabu TV zilizowaka. Popote duniani, viwango vya utazamaji hutokana na sampuli. Kuna nchi ambazo vifaa hufungwa kwenye runinga za familia zilizochaguliwa, na kifaa kinanasa chaneli iliyofunguliwa. Kuna mahali watu hujaza shajara. Na kuna kupiga simu au kutuma ujumbe mfupi kuuliza: jana jioni ulitazama nini? Hapa Kenya kampuni kama GeoPoll zimejijengea jina kwa njia hiyo ya simu, na Mamlaka ya Mawasiliano nayo hutoa ripoti za hali ya utazamaji na usikilizaji nchini.

Chukua kalamu tupige hesabu. Sensa ya 2019 ilipata Wakenya 47,564,296. Kitui ilikuwa na 1,136,187 na Makueni 987,653. Ukichagua Wakenya 1,000 kwa haki kabisa, bila kupendelea mtu, utapata takriban 24 kutoka Kitui na 21 kutoka Makueni. Jumla 45. Nairobi peke yake itatoa kama 92.

Hapo hakuna wizi. Watu 45 kati ya 1,000 ni mgao halali, na kama unachotaka ni picha ya Kenya nzima, hesabu hiyo inatosha kabisa. Shida inaanza pale mtu anapoichukua sampuli ile ile akataka kujua watu wa Kitui na Makueni wanapenda nini. Ukiwa na watu 45 tu, jibu lako linaweza kupotoka kwa karibu pointi 15 juu au chini. Ukiambiwa asilimia 40 walitazama kipindi cha mwisho, ukweli unaweza kuwa 25 na unaweza kuwa 55. Tofauti hiyo ni kama kusema mechi iliisha sare, ama tulishinda, ama tulichapwa, chagua mwenyewe.

Na bado hatujauliza nani ana TV. Sensa hiyo hiyo ya 2019 ilionyesha kwamba takriban asilimia 40 tu ya nyumba nchini zilikuwa na runinga inayofanya kazi. Tukichukua wastani huo wa taifa kwa mfano tu, wale 45 wetu wanabaki 18 walio na TV nyumbani. Tuseme theluthi moja kati yao waliitazama tamthilia yenyewe usiku huo. Tumebaki na watu sita. Hata ukiongeza sampuli mara tatu unapata 18. Hao ndio wanaobeba maoni ya kuanzia Kyuso hadi Mtito Andei kuhusu kama mwisho ulikuwa mzuri.

Mlolongo na Mutomo kwenye kapu moja

Watafiti wanajua shida hii, na dawa yao ni kukusanya kaunti pamoja kuwa kanda. Kitui na Makueni kwa kawaida hutiwa kapu moja na Machakos, kanda wanayoiita Mashariki ya Chini. Lugha ni moja, redio zinazosikilizwa ni zile zile, kwa hivyo kwenye karatasi inaonekana sawa.

Lakini Machakos, iliyokuwa na watu 1,421,932 kwenye sensa hiyo, ni asilimia 40 ya kapu hilo. Na ndani ya Machakos kuna Mlolongo, Syokimau na Athi River, mahali ambapo msee anaishi ghorofa ya tano, ana waifai, anafanya kazi Nairobi na analalamikia foleni ya Mombasa Road kama wewe. Huyu akipigiwa simu, jibu lake linaingia kapu lile lile na la mama wa Zombe. Kwenye ripoti wote wawili ni Mashariki ya Chini.

Tena huyu wa Mlolongo ndiye rahisi kumpata. Simu yake ina chaji na mtandao uko. Kitui ina zaidi ya kilomita 30,000 za mraba, karibu mara nne ya Makueni. Nyumba zimetawanyika, na kuna mabonde ambako ukitaka kupiga simu unapanda kilima. Utafiti wa simu haumkatai mtu wa huko. Unampigia tu wakati ambapo hapatikani, halafu unampigia mwingine.

Anayetazama na anayemiliki

Jambo jingine ambalo hesabu hulikosa ni namna watu wanavyotazama. Mjini tumezoea kila mtu na skrini yake. Ushago, TV moja inaweza kuwa ya boma tatu. Watoto wa jirani wanajaa mkekani, wazee wanapewa viti, na mwenye rimoti ndiye rais wa usiku huo. Kwenye miji ya barabarani kama Emali na Kibwezi, hoteli ikiweka tamthilia, kila anayekula ugali wake ni mtazamaji hata kama hakuja kwa hilo.

Ukimuuliza mtu kama huyu "nyumbani kwenu mna runinga?" atasema hapana, na kwa swali hilo yuko sahihi. Usipouliza "jana ulitazama wapi?" umempoteza. Upande wa pili, wewe mjini ukitazama kipande kile kile mara tatu YouTube kwa sababu ulicheka, kaunta imesogea mara tatu. Mtu mmoja amekuwa watatu, na huko Mwingi watu kumi wamekuwa TV moja.

Halafu kuna mambo yasiyohusiana kabisa na hadithi. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Tamthilia yoyote iliyopangwa wakati huo ingeanguka hata kama ingeandikwa na malaika. Rudi pia Februari 2015, wakati wa vita vya kuhamia dijitali, Citizen, NTV na KTN zilipozimika kwa karibu wiki tatu. Baadaye kila mtu alihitaji king'amuzi au dishi. Aliyekosa pesa za king'amuzi hakuacha kupenda vipindi vyake. Alifungiwa nje tu. Kwenye grafu, hata hivyo, kufungiwa nje na kuchoka na kipindi huonekana kama mstari ule ule unaoshuka.

Hadithi ya Kikamba, hesabu za nani?

Kuna kisa kinachoonyesha jambo hili vizuri kuliko vyote. Mnamo Julai 15, 2022, Netflix ilitoa Country Queen, tamthilia ya kwanza ya Kenya kubeba nembo yake, ikiwa na sehemu sita. Melissa Kiplagat aliigiza Akisa, mwanadada wa Nairobi anayerudi kijijini Tsilanga baada ya miaka kumi na kukuta kampuni ya madini inanyemelea ardhi ya watu. Kijiji chenyewe ni cha kubuni, lakini wahusika walizungumza Kiswahili, Kiingereza, Sheng na, ndiyo, Kikamba.

Fikiria uzito wa hadithi hiyo kwa mtu wa Kitui. Hii ni kaunti ambako makaa ya mawe ya bonde la Mui yamezungumziwa kwa miaka mingi, na wenyeji wamekuwa wakiuliza fidia itakuwaje na watahamia wapi. Kama kuna watazamaji waliostahili kuulizwa "mwisho wa hadithi hii mmeuonaje?", ni hao.

Lakini nani angewauliza? Orodha ya kila wiki ya Netflix kwa nchi moja moja hukuonyesha nafasi tu, wa kwanza hadi wa kumi. Haikupi idadi ya watu wala haishuki hadi kaunti. Country Queen ikipanda kwenye orodha ya Kenya, huwezi kujua kama ni Kilimani iliyoipandisha au ni Kitui mjini. Wakati huo angalau kulikuwa na mpango wa kutazama bure kwenye simu za Android, ulioanza Septemba 2021. Ulifungwa Novemba 1, 2023. Tangu hapo, hadithi ya kijiji inayowekwa huko inatazamwa na aliye na uwezo wa kulipa kila mwezi na kununua bando juu yake.

Nyota za mtandaoni nazo? Hizo hutolewa na aliye na akaunti, intaneti na hasira ya kutosha kuandika. Ni kura ya waliojitokeza wenyewe. Si mbaya, lakini usiiite sauti ya wananchi.

Makelele ya X na mazungumzo ya kisiagi

Twende sasa kwenye hisia zenyewe. Maria ya Citizen, iliyotengenezwa na Jiffy Pictures yao Lulu Hassan na Rashid Abdalla, ilianza 2019 na kufika tamati mapema 2021. Yasmeen Said na Brian Ogana, yaani Maria na Luwi, walikuwa wageni wa kila jioni kwenye nyumba nyingi kabla ya taarifa za saa tatu. Tamthilia ya namna hiyo, inayorushwa siku za wiki mfululizo, huwa ratiba ya maisha. Chakula hupikwa kwa kuifuata, na anayechelewa husimuliwa.

Ndiyo maana hisia za ushago haziko kwenye alama ya reli. Ziko kwenye foleni ya kisiagi asubuhi, steji ya boda, na kisimani. Huko mtu hasemi "nipe nyota mbili kati ya tano". Anasema yule kijana hangepaswa kumsamehe baba yake, halafu mwenzake anampinga, halafu wanabishana hadi unga unaisha kusagwa. Huo ni uhakiki kamili. Haujarekodiwa tu.

Kuna pia mwisho ambao hakuna mwandishi aliyeupanga. Charles Bukeko alipofariki Julai 18, 2020, Papa Shirandula haikuendelea bila yeye. Hakukuwa na kipindi cha mwisho cha kupewa alama. Watu waliomboleza kama waliofiwa na jirani, kwa sababu kwa miaka zaidi ya kumi alikuwa jirani. Ungeipima vipi hiyo kwa asilimia?

Jambo la mwisho hapa ni redio. Musyi FM, inayotangaza kwa Kikamba, inamilikiwa na Royal Media Services, kampuni ile ile ya Citizen TV. Kwa hivyo kuna Wakamba wengi ambao kampuni hiyo inawafikia kwa lugha yao kwenye redio, halafu jioni inawafikia kwa Kiswahili kwenye runinga. Redio haihitaji stima ya ukutani wala king'amuzi, na kwenye sensa ya 2019 ilikuwa kwenye nyumba nyingi kuliko TV. Ukitaka kujua watu wa Makueni waliuonaje mwisho wa tamthilia, kipindi cha kupiga simu kwenye redio ya Kikamba kitakuambia mengi kuliko siku nzima ya kuperuzi X.

Lakini biashara ni biashara, si ndiyo?

Najua utakachosema. Mtangazaji wa bidhaa halipii machozi, analipia wanunuzi. Kama wenye pesa wako Nairobi, mbona apoteze shilingi kumtafuta mtu wa Ikutha?

Hoja ina mantiki, lakini ina tundu. Mtu wa Ikutha hununua sabuni, kredo, unga na mbegu. Anatumia M-Pesa. Anauza ndengu, na yule wa Makueni anauza maembe yanayofika hadi Nairobi. Si kwamba hana pesa. Ni kwamba hakuna aliyempima vizuri, basi anachukuliwa hana. Hapo ndipo duara linapozunguka: hahesabiwi, basi haandikiwi, haandikiwi, basi anahamia redio au video za kuchekesha za Kikamba kwenye simu, akihama, ripoti inasema Mashariki ya Chini hawapendi tamthilia.

Anayeumia mwisho wa duara hilo ni kijana kama wewe. Ni yule wa SEKU pale Kwa Vonza mwenye skripti kwenye laptopu, anayeambiwa hadithi yake haina soko. Ni mwigizaji wa Kibwezi anayepewa nafasi moja kila msimu, ya mlinzi mwenye lafudhi ya kuchekwa. Lafudhi hiyo ikichekesha Nairobi, inaandikwa tena. Kama iliwaudhi watu wa Wote, nani aliwauliza?

Ufanye nini basi?

Kwanza, ukipata ujumbe au simu ya utafiti wa vyombo vya habari, na umehakikisha ni ya kweli, jibu. Utafiti halali hautaki PIN yako wala pesa. Sema ulitazama nini, wapi na mlikuwa wangapi, hata kama hawajauliza. Na ukiwa hutaki kujibu, ni haki yako pia.

Pili, kama unaipenda tamthilia, itazame kwenye njia rasmi. Ukiichukua kwenye kundi la Telegram, umeifurahia lakini kwa aliyeitengeneza hukuwepo. Unalalamika walikata msimu wa pili na wewe mwenyewe ulijifuta kwenye daftari.

Tatu, wewe uliye na blogu, podikasti au ukurasa wenye wafuasi, acha kuandika "Wakenya wamekasirika" ukiwa umesoma jumbe arobaini za watu wa Nairobi. Piga simu ushago. Uliza watu watano wa Mwingi na watano wa Makindu. Hawatakuwa sampuli ya kisayansi, lakini angalau utaandika "baadhi ya watazamaji" ukijua ni akina nani.

Na vituo navyo vina kazi. Mkitoa bango la kujisifu, wekeni chini yake mambo matatu: mliuliza watu wangapi, kwa njia gani, na kutoka wapi. Mistari mitatu haiharibu bango. Msimu ujao bango likitoka bila mistari hiyo, wewe msomaji usilisambaze kwanza. Jibu chini yake kwa swali moja: Kitui na Makueni mliuliza watu wangapi?